Kesi ya Sabini na Mbili

"Huyu ameshinda vipi?" Léocadie aliuliza. "Vuai, nakuuliza kwa heshima. Muntu amesukumwa kinyumenyume kama toroli la supamaketi, mpaka amekaa juu ya miguu ya mwenzake. Ameshinda vipi?"

"Mpira umeondoka," Vuai alijibu bila kugeuka kutoka kwenye skrini yake. "Kazi yake kumkinga mrushaji. Mrushaji kaguswa? Hakuguswa. Basi keshashinda, mengine yote mapambo."

"Mapambo!"

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Januari, chai bado inafuka moshi, na tayari walikuwa na kesi.

Walifanya kazi Randburg, pembeni mwa Johannesburg, ghorofa ya juu ya duka la vitanda, katika chumba chenye madirisha yasiyofunguka na kipoza hewa ambacho fundi wake alikuwa "yuko njiani" tangu kabla ya Krismasi. Kazi yenyewe Léocadie alishachoka kuwaeleza watu. Mumewe Firmin, aliyelinda lango la mtaa mmoja wa matajiri, aliamini kwamba mkewe anatazama televisheni kutwa nzima. Kanisani kwao La Rochelle alisema tu kwamba yuko kwenye kompyuta, wakamwacha.

Ukweli ni kwamba kampuni moja ya Marekani ilichukua video za mechi za vyuo vikuu vya kwao, za ule mpira wao wa helmeti na mabega ya plastiki, ikazikata vipande vya sekunde chache, ikazileta Johannesburg zipimwe. Nani kafunga na nani kakimbia, hayo hayakuwahusu wapimaji. Wao walipewa majitu ya mstari wa mbele tu: wakingaji, ambao husimama mbele ya mrushaji wa mpira ili asifikiwe, na wavamizi wa upande wa pili, ambao wanamtaka huyo huyo mrushaji. Katika kila kipande, mkingaji mmoja na mvamizi mmoja wamezungushiwa duara la njano. Unatazama wanavyogongana, kisha unabonyeza: kashinda mkingaji, kashinda mvamizi, au sare.

Kila kipande kilipimwa na watu wawili, kila mmoja kwenye mashine yake. Wakikubaliana, kinakwenda zake Marekani kuhesabiwa katika alama za mchezaji. Wasipokubaliana, kinageuka chekundu na kuwa kesi, na kesi zilikwenda kwa msimamizi, Hénock. Hakuna meza iliyomletea Hénock kesi nyingi kama ya Léocadie na Vuai.

Mwongozo kutoka Marekani ulisema kwamba mshindi ni yule aliyetimiza kazi yake. Vuai aliwahi kuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Nungwi, Unguja, na kwa akili yake mgeni ama amepata ufunguo wa chumba ama hajapata. Jinsi karani alivyohangaika kuutafuta si habari ya mtu. Léocadie, ambaye wenzake walimwita Mama Glody kwa jina la mwanawe, alikuwa amesuka nywele kwao Bukavu, kisha Malvern hapo Johannesburg, mpaka vidole vikaanza kumuuma, na alijua kwamba kichwa kinaweza kupendeza mbele huku nyuma kinafumuka. Yeye alitazama miguu, kiuno, mikono. Mkingaji aliyeokolewa na bahati, kwake, alikuwa ameshindwa. Kwa hiyo walibishana. Walibishana wakila, walibishana wakipanda ngazi, na mara moja walibishana mbele ya choo cha wanawake mpaka Vuai akakumbuka yuko wapi, akarudi zake kwa aibu.

"Sikilizeni," Hénock alisema asubuhi hiyo, akisimama katikati ya meza na shati lililoshaanza kulowa. Alikuwa kijana wa Lubumbashi, mpole, mwenye haraka ya kudumu. "Nusu fainali imeingia. Wateja wanaitaka kesho kabla ya saa sita mchana. Mama Glody, Vuai, nyie mnachukua sabini na mbili dhidi ya tisa. Na leo, tafadhali, s'il vous plaît, msiniletee kesi."

Sabini na mbili alikuwa mkingaji, mtoto wa mashavu mekundu, mnene wa kuziba mlango, na mgongoni mwa jezi yake pameandikwa VREELAND.

"Jina la Kaburu wa Pretoria hili," Vuai alisema.

Tisa alikuwa mvamizi, mwembamba kidogo kuliko wenzake na mwepesi kuliko wote. Vipande vililetwa vikiwa vimechanganywa makusudi, ili mpimaji asiifuate mechi akaanza kumpenda mtu. Unaweza kuona cha mwisho kabla ya cha kwanza. Pembeni ya skrini, hata hivyo, kulikuwa na saa ndogo ya uwanjani ikionyesha robo ya mchezo, na Léocadie alikuwa na tabia ya kuitazama.

Kufikia mchana walikuwa wameshaivunja ahadi ambayo Hénock hakuwahi kupewa. Vipande vyekundu vilijipanga kwenye orodha kama nyanya. Vuai alimpa ushindi sabini na mbili karibu kila mahali, maana mpira uliondoka. Léocadie aligawa: hapa kashinda vizuri, miguu imekaa, hapa kashindwa, hapa kashindwa vibaya sana. Ndipo kikaja kipande kimoja cha robo ya pili. Tisa aliruka juu ya rundo la watu, na goti lake likamgonga sabini na mbili kichwani. Kishindo hakikusikika, kwa kuwa video hazikuwa na sauti. Kijana alilala chali, mikono ikabaki imenyooka hewani kama ya mtu anayepokea mzigo kutoka kwa mtu aliye juu. Kisha kipande kikaisha.

Léocadie alibonyeza ushindi wa mvamizi, akaendelea.

Kipande kingine, robo ya tatu. Wakingaji wanajipanga. Sabini na mbili anakuja taratibu na kusimama upande usio wake. Jirani yake anamshika jezi na kumvuta, kama mzazi anavyomvuta mtoto barabarani robot, taa ya magari, ikiwa nyekundu. Mchezo unaanza. Tisa anapita kando ya sabini na mbili bila shida yoyote, lakini mrushaji amesharusha.

Kwa Vuai, mkingaji kashinda. Chekundu.

"Ngoja," Léocadie alisema. "Vuai, wacha mashine yako. Njoo hapa."

"Mama Glody, tuna vipande..."

"Njoo, minakwambia!"

Vuai alivuta kiti. Léocadie alikirudisha kipande mwanzo. "Tazama huyu mutoto. Hajue iko wapi."

"Kachoka. Robo ya tatu hiyo, wote wamechoka."

"Muntu akichoka anasahau upande wa mwili wake?" Akafungua kile cha goti, kisha akarudi kwenye hiki. "Alipigwa hapa. Na sasa ndio huyu."

Vuai alitazama mara mbili. Akajikuna shingo. "Wana madaktari wale. Timu kama hiyo ina madaktari kuliko hospitali ya mkoa. Wakimwacha acheze, ujue wamemtazama."

"Nani amemtazama? Wote wanatazama mpira!"

"Na hata kama. Mechi hii imechezwa Ijumaa, leo Jumatatu. Unataka mie nifanye nini, niingie humo ndani nikamtoe?"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Kijana alikuwa ameumia kwa siku kadhaa sasa, na yeye alikuwa amekaa Randburg akimwambia kwenye skrini asimame, akae chini, avue hiyo helmeti. Mwanawe Glody alikuwa wa umri huo huo, yuko Cape Town kwenye kazi ya meli za watalii, hapokei simu mpaka apigiwe mara tano. Léocadie alijua hasira hii inavyokuwa: ya kusema na mtu asiyekusikia.

Alikwenda kwa Hénock. Hénock alikuja, akasimama nyuma ya kiti chake, akatazama vipande vyote viwili huku akigongesha kalamu kwenye kiganja.

"Bon. Ameumia. Na sisi tunafanya nini?"

"Tunawaambia."

"Mama Glody, sisi tunapima. Mkataba unasema haturuhusiwi kuongea na timu, wala wachezaji, wala nani. Tunaongea na mteja tu."

"Basi ongea na mteja!"

"Juu ya kichwa cha mchezaji mmoja?"

"Juu ya nini tena? Juu ya viatu vyake?"

Hénock alipumua kwa nguvu, akarudi chumbani kwake, na kupitia kioo walimwona akiandika. Hakuwa mtu mbaya. Jibu lilikuja alasiri, Marekani ilipoamka, na Hénock alilileta mwenyewe mezani akalisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatwa: wanashukuru kwa umakini wa timu ya Johannesburg, na wanaomba upimaji uendelee kwa kufuata mwongozo.

"Ndiyo hivyo tu?" Léocadie aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Wamesoma kweli?"

"Mama Glody, wameandika 'asante.' Unataka nini zaidi?"

Usiku huo Firmin alimuuliza kwa nini anakata vitunguu kama anayeviadhibu. Alimweleza. Firmin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo kijana ni Mkongomani. Léocadie aliweka kisu chini, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Kesho yake asubuhi aliingia na uamuzi wake. Kulikuwa na kitufe cha nne, cha vipande ambavyo kamera imezibwa, kilichoandikwa "haipimiki." Kila sabini na mbili alipotokea baada ya lile goti, Léocadie alikibonyeza. Haipimiki. Haipimiki. Haipimiki. Orodha ikawa nyekundu kuanzia juu hadi chini.

"Unafanya kusudi," Vuai alisema.

"Nafanya kusudi."

"Hénock atatutoa kazini wote wawili. Mie nina mke Malvern, ana kibanda Jules Street kinachouza vitenge ambavyo hakuna anayevinunua. Mie siwezi kutolewa, Mama Glody. Hebu nionee imani!"

"Basi bonyeza zako. Nani amekushika?"

Vuai alibonyeza zake. Kashinda, kashinda, kashinda, sare. Alifanya hivyo kwa hasira, akigonga kitufe kama mtu anayeua mbu. Kisha akaacha kubonyeza. Léocadie akageuka kutazama skrini yake.

Ilikuwa robo ya nne. Sabini na mbili alisimama, akainama, akaweka mkono chini kama inavyotakiwa. Mchezo ulipoanza, tisa alijikwaa palepale akapiga magoti, hakumfikia mtu. Na sabini na mbili, ambaye hakuna mkono uliomgusa, alipiga hatua moja nyuma, ya pili kando, akaanguka kifudifudi kama gunia. Mrushaji alirusha salama. Mpira uliondoka.

"Huyu nani kamwangusha?" Vuai aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna."

"Kwa hesabu yangu keshashinda."

"Kwa hesabu yako, ndiyo."

Vuai alikirudisha mwanzo. Akakirudisha tena. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya kibodi. "Laa," akasema. "Siwezi kuandika kwamba huyu kashinda. Wallahi siwezi."

Kabla ya saa sita Hénock alikuja kuchukua kesi zake, akakuta zimejaa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha Vuai, akazimaliza mwenyewe moja baada ya nyingine bila kutazama sana, akibonyeza mvamizi, mvamizi, mvamizi, na nusu fainali ikaenda Marekani kwa wakati. Aliposimama alisema tu, "Nyie wawili mtaniua," akaondoka.

Wao walishuka chini kula. Mvua ya Johannesburg ilikuwa imeshakusanyika upande wa kusini, nyeusi, na upepo unapeperusha karatasi. Walisimama chini ya kibaraza cha duka la vitanda na viazi vyao vya kukaanga.

"Jina lake si limeandikwa mgongoni?" Vuai alisema ghafla.

Léocadie alimtazama.

"Nasema tu. Watoto wa siku hizi wote wamo kwenye simu."

Hawakuchukua muda kumpata. Vreeland wa mashavu mekundu alikuwa kwenye simu ya Vuai akicheka na mbwa, akicheka na bibi yake, akicheka na sahani ya nyama. Vuai, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha hotelini, alianza kuandika huku akisoma kwa Kiswahili: "Mheshimiwa, tunatumai ujumbe huu unakukuta katika hali njema..."

"Hali njema gani! Tunamwandikia kwa sababu hali si njema!"

"Ni adabu, Mama Glody. Huwezi kumvamia mtu."

"Andika: ulipigwa kichwa. Nenda kwa daktari. Leo."

"Na salamu?"

"Vuai!"

Mwishowe aliandika yote mawili, adabu yake na amri ya Léocadie, na barua ikasomeka kana kwamba hoteli inamfukuza mgeni. Waliituma. Mvua ikaanguka, pamoja na mawe madogo ya barafu yaliyoruka barabarani. Muuza vitanda akafungua mlango, akawaambia waingie, kuna punguzo la magodoro. Walimwambia hapana, asante. Akawaambia kutazama ni bure.

Jibu lilikuja jioni walipokuwa wanatoka, na walirudi kusimama palepale kwenye kibaraza. Vuai alisoma. "Anacheka. Anasema yuko poa. Anauliza sisi nani."

"Mwambie tumemwona."

Vuai akaandika kwamba wao ni watu wa Johannesburg, Afrika, wanaotazama mechi kwa kazi. Simu ikalia mara moja. Vuai akasoma, akafunga macho. "Anauliza kama sisi ndio wale wa alama. Anataka kujua tumempa ngapi."

"Mungu wangu! Kichwa kimepasuka na anauliza alama?"

"Ndivyo anavyouliza."

"Mwambie atapewa akishaonana na daktari."

"Hatuwezi kumpa alama, ni kuvunja mkataba! Tukiahidi itakuwa uongo."

"Si uongo. Iko vile watoto wanavyoahidiwa pipi wakipelekwa kwa sindano. Andika."

Vuai aliandika. Kisha Léocadie akamtaka amuulize kama ametapika, na kijana akajibu kwamba mara moja tu, alikula kuku mbaya. Akamtaka amuulize pia kama mwanga unamuumiza. Gari lilipita likawamwagia maji viatuni, muuza vitanda akachungulia tena, na ndipo jibu likaingia: kidogo tu, ameshapunguza mwanga wa simu. Na jingine nyuma yake: fainali ni wiki ijayo, tafadhali wasimwambie mtu.

Vuai alilisoma hilo mara mbili, la pili kwa sauti iliyobadilika. "Anajijua huyu. Anajijua na anaficha."

Hakusubiri kuambiwa. Aliandika mwenyewe, haraka, bila mheshimiwa wala hali njema, na alipomaliza akamtafsiria Léocadie: "Nimemwambia mie ndiye niliyempa ushindi mwingi, na huyu mama hapa kamnyima. Nimemwambia robo ya nne kaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Nimemuuliza, unakumbuka?"

Walingoja. Mvua ilipungua ikabaki manyunyu. Watu wa maofisini walipita wakiwa wamebeba viatu mikononi. Léocadie alikuwa ameshika mkono wa shati la Vuai bila kujua, na Vuai, mtu wa haya, hakujua aufanyeje.

Simu ikalia.

"Anasema hakumbuki robo ya tatu," Vuai alisema. "Wala ya nne. Anasema alijua matokeo kwenye basi."

"Ampigie mama yake," Léocadie alisema. "Sasa hivi. Huko ni asubuhi, mama yake ameamka. Mwambie hivi hivi: mpigie mama yako, mwambie hukumbuki. Asiongeze neno lingine. Mama atajua la kufanya."

Vuai aliandika. Alama mbili ndogo zikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Hakuna jibu lililokuja jioni ile, wala siku iliyofuata.

Hizo zilikuwa siku mbaya mezani. Akaunti ilikuwa ya Vuai, kwa hiyo Léocadie alimuuliza kila alipogusa simu, na Vuai akamjibu kila mara kwamba hakuna, mpaka Alhamisi akaiweka simu katikati ya meza akasema, "Chukua, lala nayo." Walipima mechi nyingine, ya vyuo vidogo, na walibishana bila ladha. Hénock alipita akawatazama kwa wasiwasi, akauliza kama wanaumwa. Kipoza hewa kilipata fundi, fundi akasema kinahitaji kifaa, akaondoka.

Ijumaa asubuhi Vuai alikuja mapema, akamkuta Léocadie anachemsha maji, akampa simu bila salamu. Ujumbe ulikuwa mrefu. Léocadie alijua Kiingereza cha kutosha kuuelewa mwenyewe. Kijana alisema mama yake aliendesha gari saa nyingi kuja kumchukua, akampeleka hospitali akimshika mkono kama mtoto mdogo mbele ya wenzake. Daktari ameona kitu kwenye picha ya kichwa. Si kikubwa, lakini daktari alisema pigo jingine lingekuwa habari nyingine kabisa. Hatacheza fainali. Hatafanya hata mazoezi mpaka majira yajayo. Amesubiri mechi hiyo tangu alipokuwa mtoto, na sasa watu wa Afrika asiowajua, ambao hata majina yao hawajamwambia, wamemharibia. Wamefurahi? Na alama zenyewe hawakumpa.

Maji yalichemka, birika likazima lenyewe.

"Hata asante," Léocadie alisema. "Vuai, hata asante moja!"

"Mtoto huyo."

"Mutoto gani! Uzito kama lori!" Machozi yalikuwa yameshafika, na hilo lilimuudhi zaidi. "Kichwa chake kingebaki uwanjani! Anatuuliza kama tumefurahi? Ndiyo, tumefurahi! Mwandikie tumefurahi sana!"

Vuai alimwachia nafasi. Alimimina chai, akaweka sukari nyingi kama Léocadie alivyopenda, akamsogezea. Kisha akasema, "Alama tulimwahidi lakini."

"Ulisema ni kuvunja mkataba."

"Mkataba tulishauvunja Jumanne, tena chini ya kibaraza cha watu."

Léocadie alikunywa chai. Alifumba macho akaviita vipande vya robo ya kwanza na vya mwanzo wa robo ya pili, vile vya kabla ya goti: ile miguu mipana iliyokaa chini, ile mikono iliyomfika tisa kifuani kabla tisa hajajua aende wapi. Alitafuta pa kumnyima. Kwa hasira aliyokuwa nayo, alipatafuta kwa bidii.

"Andika," akasema. "Mama anasema, kabla hujaumia, ulimshinda namba tisa. Ulimshinda vizuri, kwa miguu, si kwa bahati. Baada ya hapo hakuna cha kupima, maana hukuwa pale. Na anasema kula vizuri."

"Kula vizuri pia?"

"Andika, Vuai."

Aliandika. Ujumbe ulisomwa. Kijana hakujibu.

Fainali ilipochezwa, vipande vyake viliwafikia kama kawaida, siku mbili baadaye, vimechanganywa. Hénock aliwapa mkingaji mwingine, wa upande wa kulia, mtu mzima aliyecheza bila makosa, na kwa sababu hiyo hawakuwa na la kubishania kwa muda mrefu. Kwenye nafasi ya Vreeland alisimama kijana mwembamba ambaye meza ya jirani, iliyopewa kumpima, ilimsikitikia waziwazi.

Karibu na chakula cha mchana Léocadie alifungua kipande kilichopigwa na kamera ya pembeni. Mkingaji wake na mvamizi wake walikuwa ndani ya duara la njano, wameshikana. Nyuma yao, nje ya mstari, kati ya makocha na watu wa maji, kulikuwa na mtu mnene wa mashavu mekundu amevaa koti jeusi na jezi juu ya koti, sabini na mbili. Alikuwa ameweka mikono mdomoni kama bomba na anapiga kelele kuelekea uwanjani. Alionekana anaijua kabisa mechi, anamwonyesha mwembamba kwa kidole pa kusimama, anapiga paja, anageuka kumwambia kitu mtu wa kando yake.

"Vuai."

Vuai alivuta kiti. Walitazama wote wawili. Kipande kiliisha, Léocadie akakirudisha. Hewa iliyotoka midomoni mwa watu kule ilikuwa nyeupe, na kingo za uwanja zilikuwa na theluji iliyofagiliwa.

"Mzima huyo," Vuai alisema.

"Mzima wapi?" Léocadie alikigusa kichwa cha kijana kwa ncha ya kidole, juu ya kioo. "Baridi yote hii, ametoka hospitali juzi, na hakuvaa hata kofia!"

Akabonyeza sare, akafungua kinachofuata.